Dobi, maji magumu na jike wa mwisho

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Katika chumba cha kufulia cha hospitali, mashine nne kubwa tayari zinanguruma, na mvuke umezificha taa za darini. Madobi wanapanga foleni kwenye bomba la kushoto, lenye maji laini. Mwanamke mmoja mfupi, mwenye aproni ya mpira inayomfika vifundoni, anakwenda peke yake kwenye bomba la kulia.

Bomba hilo halina rafiki. Maji yake yanatoka kisimani, chini ya miamba, na hata ukiyasugulia kipande kizima cha sabuni hayatoi povu la kufulia leso. Kwa miaka thelathini na moja mwanamke huyu ameyalaani. Leo anayakinga kwenye dumu la lita ishirini, polepole, kama anayekinga maziwa.

"Mama Povu, sasa unatuibia hata taabu zetu?" anauliza fundi mitambo, ambaye hospitali nzima inamwita Spana.

"Kufa kufaana, Spana. Yanayoua mashine zako yanawafaa wangu."

"Bado amefumba?"

"Bado. Leo siku ya ishirini."

Spana anavua kofia yake, anajikuna kichwa, kisha anairudisha. Siku ishirini ni nyingi kwa kiumbe yeyote kukaa bila kula.

Aliyefumba mdomo ni samaki. Ana urefu wa kidole cha shahada, rangi ya samawati iliyokolea, mistari miwili ya manjano ubavuni, na koo lililovimba kama la mtu anayesukutua. Kinywani mwake amebeba watoto. Hali kitu kwa sababu hawezi kula: akimeza chakula, atawameza na wanawe.

Ndiye jike wa mwisho katika nyumba ya Mama Povu. Akiwameza, au akifa, ukoo ulioanzishwa na marehemu mume wa dobi huyu miaka kumi na tisa iliyopita utakuwa umekwisha.

Nyumba yenyewe ina vyumba viwili, hatua mia tatu kutoka lango la nyuma la hospitali. Mama Povu, mwenye umri wa miaka hamsini na tisa, huzitembea hatua hizo na dumu kichwani bila kupumzika. Sebuleni kuna kochi, kabati la mbao, na tangi la kioo lenye urefu wa benchi la shule. Tangi hilo lilijengwa na mumewe, fundi vioo, ambaye alikata madirisha ya nusu ya mtaa huo.

"Wakati ule sikuwapenda hawa," anasema. "Niliwaita wake wenza. Mwanaume anatoka kazini, hajanisalimia, ameshapiga magoti mbele ya kioo. Nikamwambia, mke mwenzangu angekuwa na nywele ningejua pa kumshika. Huyu ana mapezi, nitamshika wapi?"

Mumewe alicheka, akaendelea kupiga magoti. Alikuwa mtu wa maneno machache. Hakueleza alichokuwa akikitazama.

"Simlaumu kwa kutoniambia," anasema mkewe. "Najilaumu mimi. Sikuuliza."

Alipofariki, miaka miwili na nusu iliyopita, tangini walibaki samaki kumi na watano. Waliokuja msibani walishauri wauzwe. Mmoja wao, baada ya kuwatazama kwa makini, aliuliza kama wanakaangika.

Mama Povu alikataa yote mawili. Aliamua kuwatunza kwa njia pekee aliyoijua, nayo ni usafi.

Kila Jumamosi alitoa mawe yote tangini akayasugua kwa brashi. Aliliosha chujio mpaka likawa kama shuka la chumba cha upasuaji. Alimwaga maji yote, hata tone la mwisho, kisha akajaza maji ya mvua aliyoyakinga kwenye pipa. Kila dobi anajua kwamba hakuna maji yanayoyashinda ya mvua. Ni laini. Povu lake linafurika.

"Niliwapa maji ambayo ningempa malaika," anasema. "Nao wakafa mmoja mmoja, kwa adabu."

Baada ya miezi kumi na minne walibaki wawili, dume na jike. Dume alikuwa amepauka kama shati lililozidishiwa dawa ya kung'arisha. Jike alijificha nyuma ya jiwe, mapezi ameyabana mwilini. Katika muda wote huo halikuonekana hata yai moja.

Jibu lilitoka ndani ya mashine namba tatu. Asubuhi moja Spana aliifungua akaanza kukwangua bomba lake kwa patasi. Vipande vyeupe, vigumu, vilimwagika sakafuni. Mama Povu aliokota kimoja akakigeuza kiganjani. Alikuwa amekiona mahali. Mstari mweupe kama huo ulilizunguka tangi lake la nyumbani, juu kabisa, pale maji yalipoishia enzi za mumewe. Alikuwa ameusugua kwa siki mwaka mzima bila kuumaliza.

"Spana, huu ukoko unatoka wapi?"

"Si kwenye maji ya bomba la kulia? Yale yana chokaa kama ukuta."

"Na maji ya mvua je?"

"Maji ya mvua yataacha nini, Mama? Hayana kitu."

Mama Povu alisimama na kile kipande mkononi. Ndipo alipokumbuka Jumamosi za zamani. Mumewe alikuwa akija chumba cha kufulia na dumu, akimwambia amepita kumsalimia. Alijaza dumu lake kwenye bomba la kulia, akaondoka nalo begani.

"Nilimcheka mbele za watu," anasema. "Nikamwambia, fundi vioo gani wewe unayesafishia vioo kwa maji yanayoacha madoa? Akatabasamu tu. Kumbe hakuwa anasafisha vioo."

"Alikuja na kukusalimia pia," Spana anaingilia. "Nilikuwepo. Bomba liko upande wa kulia, lakini yeye kila mara alizungukia kushoto, ulikokuwa wewe."

Mama Povu anamtazama, kisha anajifuta uso kwa aproni. Mvuke, anasema.

Jioni ya siku ile ya ukoko alikwenda kwa muuza samaki wa mapambo, mwanamke mwenye miwani minene na duka jembamba kama ujia. Alimweleza kila kitu, tangu brashi mpaka pipa la mvua. Muuza samaki alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Dada, samaki wako ni wa ukoo mmoja na sato na perege, lakini hawa kwao ni ziwa la miamba. Maji yake ni magumu, yana chokaa tele. Wewe umewalisha uji wa mgonjwa usio na chumvi. Kuishi wataishi kidogo. Harusi watafanyaje?"

"Na usafi?"

"Ule utelezi uliokuwa unausugua kwenye chujio una vijidudu vinavyokula uchafu wa samaki. Yaani kila Jumamosi umewafukuza wafagiaji, halafu unashangaa nyumba imeoza."

Mwanamke ambaye kwa zamu moja hufua na kupanga mashuka mia tisa aliambiwa kwamba amekosea kwa kufua mno. Anasema alicheka njia nzima ya kurudi nyumbani. Alipofika, alikaa mbele ya tangi akawaomba samaki wale wawili msamaha kwa sauti.

Msimamizi wa madobi alimwandikia kibali cha kutoa dumu moja la maji kwa siku. Kibali hicho, chenye mhuri, kinaeleza kwamba maji husika "hayafai kwa matumizi ya idara". Mama Povu amekibandika ukutani juu ya tangi.

Hakubadilisha maji yote kwa mkupuo. Muuza samaki alimwonya kwamba mshtuko ungewaua, kwa hiyo aliongeza kidogo kidogo kwa wiki tano. Alinunua kipasha maji kwa mshahara wa siku tisa. Alitandika mchanga, akapanga mawe, akalaza vyungu vya maua vilivyovunjika viwe mapango. Alipima maji kwa njia ya kidobi: aliyatia kwenye chupa, akakwangulia sabuni, akatikisa. Siku povu lilipokataa kabisa kuumuka, alijua yameiva.

Dume alirudisha rangi kwanza. Kisha alianza kuhamisha mchanga kwa mdomo, punje kwa punje, akachimba shimo la duara mbele ya chungu kikubwa. Jumapili moja, saa nane mchana, jike alitoka nyuma ya jiwe akaingia shimoni.

Anachokisimulia Mama Povu kuanzia hapo, hukisimulia kwa sauti ya chini, kama mtu aliye wodini.

Samaki wale walizungukana, kichwa cha huyu kwenye mkia wa yule. Jike aliachia yai moja, rangi ya kiini cha yai la kuku, dogo kama punje ya mtama. Kabla halijatulia mchangani aligeuka akaliokota kwa mdomo. Akaachia jingine, akaliokota. Ndipo dume alipolala ubavu na kukunjua pezi lake la chini. Kwenye pezi hilo kulikuwa na madoa matatu ya mviringo, ya rangi ile ile ya mayai, yenye ukubwa ule ule.

Jike aliyaona. Alidhani ameyasahau mayai yake matatu. Alifungua kinywa ayaokote, na hapo hapo dume akaachia mbegu zake. Mayai yakarutubishwa yakiwa tayari mdomoni mwa mama yao, mahali salama kuliko pote ndani ya tangi.

"Amechorwa mayai kwenye pezi," anasema Mama Povu. "Nimefuga samaki hao, nimewasafisha, nimewaona kila siku ya Mungu, sikuwahi kujiuliza yale madoa ni ya nini. Nani aliyechora? Alijuaje rangi? Alijuaje ukubwa?"

Alikaa sakafuni kwa saa mbili. Sufuria jikoni iliungua mpaka chini, na hakunusa.

"Nimefua mashuka ya wodi ya wazazi miaka thelathini na moja. Nilidhani nazijua njia zote ambazo mtoto huingilia duniani. Hii sikuijua."

Wakati ule alielewa mumewe alikuwa akipigia nini magoti.

Lakini uzao huo wa kwanza haukufika. Dume, akiwa na jike mmoja tu, hakumpa nafasi ya kupumua. Alimfukuza jiwe kwa jiwe. Siku ya tisa Mama Povu alimhurumia jike huyo, akachukua wavu ili amhamishie kwenye ndoo. Samaki aliuona wavu, akashtuka, akakimbilia pembeni.

"Nililiona koo likishuka," anasema. "Lilikuwa limejaa, likawa bapa. Kama mtu amemeza mate."

Alimpigia simu binti yake wa pekee, mwalimu wa hisabati, akalia kwenye simu mpaka binti akadhani kuna aliyefariki.

"Nilikuja mbio," anasema binti huyo. "Nafika, naambiwa msiba ni wa mayai. Nikataka kukasirika. Nilipomwona jinsi alivyokaa, nikaingia jikoni nikachemsha chai."

Alikuwa ameshika kikombe, akilitazama tangi, alipoona jambo lisilomkalia sawa. Katikati ya kioo cha mbele, kwa ndani, palikuwa na vipande viwili vyembamba vya kioo vilivyobandikwa wima, vikiacha mfereji kati yao. Kioo cha nyuma kilikuwa na vingine viwili, sambamba kabisa.

"Mama, hizi reli ni za nini?"

"Mapambo ya baba yako. Zinanisumbua kusugua."

"Baba hakuwahi kupamba kitu chochote maishani mwake."

Kisha mama alikumbuka vioo vilivyoegemezwa nyuma ya kabati, vimefungwa kwa magazeti. Vilikuwa sita. Alikuwa amekusudia kumpa fundi yeyote wa madirisha atakayevihitaji. Walifungua cha kwanza. Kilikuwa na matundu sita madogo, na siku zote Mama Povu aliamini kwamba kiliharibika wakati wa kutobolewa. Binti alikiinua, akakiweka juu ya reli, akakiachia. Kiliteremka kama droo, kikasimama mchangani. Maji yalipita matunduni, samaki hakupita.

"Miaka miwili nimeisugua ile mifereji," anasema Mama Povu. "Miaka miwili ananionyesha mlango, mimi nautia brashi."

Jike alihitaji wiki sita kupata nguvu tena. Alipotaga mara ya pili, hakuna aliyegusa wavu. Walisubiri dume aende upande wa kushoto, wakashusha kioo. Jike alibaki palepale, kwenye mawe anayoyajua.

"Mzazi haondolewi kitandani," anasema dobi. "Anaondolewa mwenye kelele."

Sasa ni siku ya ishirini na mbili, na sebuleni kuna ubishi. Jike amekonda. Mgongo wake umekuwa mwembamba kama makali ya kisu, na kichwa kinaonekana kikubwa kuliko kiwiliwili. Muuza samaki amesema wafugaji wengi, wakifika hapa, humshika jike, wakamfungua mdomo taratibu na kuwatoa watoto. Binti anaunga mkono.

"Mama, ni hesabu rahisi. Akifa yeye, wamekufa wote. Tukiwatoa leo, tunabaki na kitu."

"Na akishtuka akawameza?"

"Nawe usipofanya kitu je?"

Mama Povu anavuta kigoda, anakaa. Ndani ya kioo samaki anatafuna hewa, taratibu, akiwageuza watoto wake kinywani ili kila mmoja apate maji mapya. Amefanya hivyo usiku na mchana tangu siku ya kwanza.

"Wenzake niliwaua kwa usafi," anasema hatimaye. "Mayai yake nikayaua kwa wavu. Na mara zote mbili, mwanangu, nilikuwa nasaidia. Safari hii nitasaidia kwa kukaa."

Siku ya ishirini na tatu, Alhamisi, anarudi kutoka zamu saa tisa alasiri. Binti amefika kabla yake. Wanatandika kanga sakafuni, wanakaa mbele ya tangi. Saa kumi na dakika chache jike anateremka hadi mdomoni mwa chungu. Anainamisha kichwa. Anafungua kinywa.

Hakuna kinachotoka. Kisha anatoka mmoja. Ni mdogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, lakini amekamilika: ana macho, ana mapezi, na ubavuni ana mistari miwili ya manjano. Anasimama mbele ya uso wa mama yake kana kwamba anajiuliza kama dunia ni hii tu. Wa pili anatoka. Kisha wanatoka kama maharagwe kwenye mfuko uliotoboka.

"Kumi na sita," binti ananong'ona. "Kumi na saba. Tulia wewe. Kumi na nane."

Mama Povu anasogeza mkono, anadondosha chembe moja ya chakula mbali na watoto. Jike anaiendea. Anaitazama. Baada ya siku ishirini na tatu, anakula.

Nje pikipiki inapita, na kivuli chake kinafagia ukuta. Jike anageuka, anafungua kinywa, na watoto wote wanakimbilia humo. Katika kupepesa jicho, tangi ni tupu.

"Mama! Kawameza!"

"Subiri."

"Kumi na wanane, Mama, nimewahesabu!"

"Hesabu tena."

"Nihesabu nini? Hawapo!"

"Wapo," anasema Mama Povu, na machozi yanamtoka bila kisingizio cha mvuke. "Tazama koo."

Koo limejaa. Dakika tano baadaye kinywa kinafunguka tena, nao wanatoka, kumi na wanane, hakuna aliyepungua.

Kumi na wanane hawataweza kukua ndani ya tangi moja na baba yao. Mama Povu anastaafu baada ya miezi kumi na mmoja, na mafao yake hayatoshi kununua tangi jipya. Jambo hilo lilikuwa likimsumbua hadi jioni hiyo hiyo, binti yake alipokwenda nyuma ya kabati na kuvitoa vile vioo vitano vilivyobaki. Alivilaza sakafuni, akavipima kwa rula ya shuleni.

"Hivi viwili ni sawasawa. Hivi navyo ni sawasawa. Hiki kikubwa hakina mwenzake." Alipitisha kidole ukingoni. "Na kingo zimesagwa zote. Nani anasaga kingo za kioo cha dirisha? Mama, hili si dirisha. Hii ni mbele na nyuma, hizi ni mbavu mbili, hii ni sakafu."

Mama Povu alivitazama vile vioo kama alivyoyatazama yale madoa kwenye pezi.

Mpango wake sasa ni mfupi. Ananunua gundi wiki hii. Spana atashika pembe, binti atapima, yeye atabandika. Mwaka ujao, akishastaafu, anataka kila mtoto wa mtaa atakayeuliza yale madoa ni ya nini apate wa kumjibu.

"Na likivuja?" binti alimuuliza.

"Mimi ni dobi. Maji sakafuni yameanza lini kunitisha?"

Ijumaa, saa kumi na mbili na robo asubuhi, mashine nne zinanguruma. Mama Povu anakwenda kwenye bomba la kulia. Amebeba madumu mawili. Kibali ukutani kwake kinasema moja.

Spana anayatazama madumu, anamtazama mwenyewe. Analichukua la pili, analisimamisha nyuma ya la kwanza, na kulifungua bomba.